Kobe Aliyelinda Kuku wa Nyafwono

Amulen aliona povu kwanza. Alikuwa ameinama ndani ya banda la kuku, ufagio mkononi, akikwangua mavi yaliyolowa kwa mvua ya wiki nzima, na kobe alikuwa kwenye kona yake ileile, shingo imenyooka, kichwa juu. Puani pake palikuwa na kipovu. Kilivimba, kikapasuka, kikaja kingine. Halafu kobe akafungua mdomo na kuuacha wazi, akivuta hewa kwa shida, na kila pumzi ilitoka na kamlio kembamba.

"Yesu wangu," Amulen akasema. "Askari, una nini?"

Askari ndilo lilikuwa jina la yule kobe, na usicheke, maana kazi yake ilikuwa ya uaskari kweli. Nyafwono, mama mkwe wa Amulen, aliamini kama mama yake na bibi yake walivyoamini, kwamba kobe akilala na kuku, kideri hakiingii. Kideri ni ule ugonjwa unaompinda kuku shingo na kufagia banda zima kabla wiki haijaisha. Majirani pale kijijini Petta walizika kuku mwaka baada ya mwaka, lakini banda la Nyafwono halikuguswa kwa miaka kumi na minne, tangu siku alipomwokota Askari kwenye shamba la mtama. Watu walikuja kumwazima. Nyafwono aliwafukuza wote, hata padri.

Sasa huyu Amulen ni nani? Ni Mteso, mzaliwa wa kando ya mji wa Busia, aliyekuwa akikaanga chapati karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni. Oboth, mtoto wa pili wa Nyafwono, alikuwa mpakuzi wa mizigo. Alikula chapati zake miezi sita, mbili asubuhi na mbili mchana, mpaka wenzake wakamwambia, "Wewe, si umwoe tu, upunguze gharama?" Akamwoa. Akampeleka Petta kwa watu wake, Wadhopadhola, wakamzaa Phiona, wakaishi vizuri. Kisha siku moja lori la simenti likarudi nyuma bila kupiga honi, likambana Oboth ukutani. Hivyo tu. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, akaenda kama kuku wa sikukuu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Amulen alikaa na kamba yake miaka kumi na mmoja na hakuna aliyeikata. Alijifunza Kidhopadhola, akakijua hadi matusi, lakini Nyafwono hakuwahi kumsemesha kwa lugha hiyo hata siku moja. Alimsemesha Kiswahili, kile alichookota sokoni Busia alipokuwa akiuza karanga. Anayemsemesha mkwe wake Kiswahili cha sokoni ndani ya nyumba, na anajua mkwe anaelewa lugha ya nyumbani, anamwambia jambo moja tu: wewe si wa hapa. Amulen alikuwa akijibu kwa adabu, kwa Kiswahili hichohicho, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Na shemeji yake, Ochwo, kaka mkubwa wa marehemu, hata adabu ya kuficha hakuwa nayo. Alikuwa na wake wawili, na yule wa pili, Babra, alikitaka kipande cha migomba na mihogo kilichokuwa upande wa chini wa nyumba ya Amulen. Siku ya kuondoa matanga, watu bado wana machozi, Ochwo alisimama na kusema mbele ya ukoo wote: "Mwanamke hana shida, anaweza kurudi kwao wakati wowote. Mtoto ni wetu, anabaki." Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine waliendelea kula.

Hilo ndilo lililomfunga Amulen pale. Petta yenyewe angeiacha leo na asigeuke nyuma. Lakini Phiona alikuwa na miaka tisa, meno ya mbele makubwa, miguu myembamba, analala bado ameshika sikio la mama yake. Kumwacha huyo kwa Ochwo na wake zake? Heri kufa. Basi Amulen alimeza kila kitu. Alilima, alifua, alichota maji, alikaa kimya alipoitwa "yule mama wa chapati". Na Nyafwono akamkabidhi banda la kuku, akamwambia mapema, waziwazi: "Kuku yangu ikiwa salama, wewe iko salama."

Kwa hiyo asubuhi ile alipoliona povu, hakungoja kumaliza kufagia. Alikwenda kibarazani, ambapo Nyafwono alikuwa akichambua maharage, akapiga magoti, akaeleza. Mzee yule alicheka kwa furaha.

"Hiyo si ugonjwa yake," alisema. "Hiyo ugonjwa ya kuku. Yeye nakula, natoa kwa pua. Kazi nafanya."

"Mama, anahema vibaya. Jana hakugusa hata ugali."

"Wewe ndiye ulimzaa?"

Amulen akarudi bandani. Lakini siku nne baadaye hata Nyafwono alishindwa kujidanganya. Askari alikuwa mwepesi mkononi, miguu imelegea, kope zimevimba. Povu lilikuwa limegeuka kamasi nzito. Hapo Nyafwono aliogopa, na hofu ya yule mama haikuwahi kutoka ila kwa sura ya hasira. Aliagiza makaa ya moto, akayanyunyizia pilipili kavu, akamwambia Amulen amweke kobe juu ya matofali, amfunike na besheni kubwa pamoja na moshi wake. Eti moshi utafukuza mafua.

"Mama, macho yake..."

"Funika!"

Amulen alifunika. Nisikufiche, alifunika kwa mikono yake mwenyewe, akashikilia besheni huku akisikia kucha zikikwaruza bati kutoka ndani. Ochwo alikuwa amesimama pembeni akichekea tumboni. "Supu inakaribia," alisema. Besheni ilipofunuliwa, kobe alikuwa amejificha ndani ya gamba lake akitoa sauti ya mpira unaotoboka, na kesho yake macho yote mawili hayakufunguka. Amulen alilia jikoni kwake kwa aibu, siyo kwa woga.

Nyafwono hakulia. Alimwita na kumwambia akiwa amesimama: "Hii kobe ikifa kwa mkono yako, funga nguo yako, nenda kwa watu yako. Phiona tabaki hapa."

Siku hiyohiyo Amulen alimweka Askari ndani ya kikapu, akamfunika na kitenge, akaenda Busia. Wapi kwingine? Pale mjini, nyuma ya stendi ya zamani, kulikuwa na duka la dawa za mifugo la Odwori, Msamia mnene mwenye miwani iliyofungwa waya, ambaye Amulen alimjua tangu enzi za chapati. Odwori alikuwa amefanya kazi miaka minne Entebbe mahali wanapofuga mamba na nyoka wa kuonyesha watalii, akafukuzwa kwa sababu ya mdomo wake. Mjini njia nzima watu walichungulia kikapu. "Banange, mama, hiyo ya kuchoma au ya kuchemsha?" kijana mmoja wa boda alimpigia kelele. Alikaza mwendo.

Odwori hakucheka. Alimtoa Askari, akamgeuza upande kidogo, akaweka sikio lake kwenye gamba kabisa, akakaa hivyo kama dakika nzima. Kisha akamwambia Amulen naye asikilize. Ndani mlisikika mchakacho kama wa majani makavu yanayokanyagwa.

"Hiyo ni nimonia," Odwori alisema. "Mama Phiona, umechelewa, lakini hujachelewa sana. Nani amemtia moshi?"

Amulen aliangalia chini.

"Haya, sitauliza. Sikiliza. Wewe ukipata makohozi unakohoa, unatema, basi. Kobe hana kifua cha kukohoa. Uchafu unakaa mlemle unaoza. Kwa hiyo ukiona povu puani, mdomo wazi, shingo inanyooshwa kila akivuta pumzi, hali, macho yamevimba, usingoje kesho. Analala wapi?"

"Na kuku."

"Kwenye mavi mabichi? Mvua hii?" Odwori alivua miwani. "Ule mvuke wa mavi ya kuku unaochoma pua yako ukiingia asubuhi, yeye anauvuta usiku kucha, na pua yake iko sentimita tano kutoka chini. Mnampa nini?"

"Ugali. Na pumba za kuku."

"Basi mnamuua kwa zamu."

Alimpima kwenye mizani ya kupimia chakula cha vifaranga, akapiga hesabu kwenye kiganja, akatoa dawa. Alimwonyesha pa kudunga: nyama ya mguu wa mbele, kamwe si wa nyuma, maana dawa ikiingia nyuma inapita kwenye figo kwanza na kuziumiza. Sindano sita, moja kila siku ya tatu. Aliweka alama ya kalamu kwenye bomba ili asizidishe hata tone. Halafu akasema yaliyokuwa magumu kuliko dawa. "Damu ya kobe haijipashi moto yenyewe. Akiwa baridi, dawa haifanyi kazi, ni kama umedunga jiwe. Mtoe bandani. Mweke pakavu, penye joto mchana na usiku, bila moshi. Mchana umkalishe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika kidevuni tu, anywe. Mpe boga, majani ya maboga, karoti ukipata, macho yatafunguka. Na usiache kumdunga hata akianza kula. Watu wengi huacha sindano ya tatu wakidhani amepona, ugonjwa unarudi na ndugu zake."

"Na kuku, dokta?"

"Kuku wachanjwe. Kobe hajawahi kuzuia kideri tangu dunia iumbwe. Mlikuwa na bahati tu, banda lenu liko mbali na barabara. Niite nije, tone moja jichoni kwa kila kuku, tumemaliza."

Amulen alimwachia mfuko wa simsim aliyovuna mwaka huo, akarudi Petta akijisemea maneno yale yote njiani asije akasahau. Alipiga magoti tena mbele ya Nyafwono. Kumtoa Askari bandani? Nyafwono alimkazia macho kana kwamba ameomba kubomoa kanisa.

"Na kuku nani nalinda?"

"Chanjo, Mama. Dokta anaweza kuja hata kesho. Tone moja tu."

"Miaka kumi na nne hakuna sindano, hakuna tone. Askari ndiye chanjo."

"Mama, akibaki mle ndani atakufa. Hapo kuku watakosa mlinzi kabisa."

Hapo mzee alikwama. Mwisho akasema, "Toa. Mpaka apone. Lakini kuku moja tu ikiugua, ni wewe. Na huyo dokta wako asikanyage hapa."

Unaona mtego? Amulen aliuona. Akimwacha bandani, kobe atakufa na yeye afukuzwe. Akimtoa, ikitokea bahati mbaya yoyote bandani, afukuzwe vilevile. Alichagua upande ambao angalau mnyama angepona, na aliomba Mungu asimamie ule mwingine.

Basi jiko la Amulen likawa hospitali. Alitafuta boksi la sabuni, akatandika nyasi kavu, akaweka majerikeni mawili ya maji ya moto pande mbili, akayafunika na blanketi la Oboth. Maji yakipoa, alichemsha mengine. Kupikia alihamia nje, chini ya bati, kwenye mvua, ili moshi usiingie. Sindano ya kwanza alijidunga kidole. Askari alirudisha mguu ndani ya gamba, Amulen akamngoja autoe, akamngoja tena, nusu saa nzima, akimbembeleza kwa Kiteso kama alivyokuwa akimbembeleza Phiona akiwa na homa. Mguu ukatoka. Akadunga.

Babra, mke mdogo wa Ochwo, alipita mlangoni mara tatu kwa siku kuchungulia. "Haya basi, mke mwenzetu amepata mume mpya," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Anamwogesha, anamfunika blanketi la marehemu. Bado kumnyonyesha." Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo walicheka mpaka wakashika mbavu. Amulen aliendelea kupima joto la maji kwa kiwiko.

Siku ya pili baada ya sindano ya pili alipasua boga, akaweka kipande mbele ya boksi kwa mazoea tu, akageuka kuosha vyombo. Alisikia mlio mdogo wa kutafuna. Askari alikuwa amefungua jicho moja, amefunga mdomo vizuri, pua kavu, na alikuwa anakula boga kwa hasira. Alimwinua, akaweka sikio kwenye gamba: kimya, safi. Amulen alicheka peke yake jikoni, cheko la sauti, la kwanza tangu Oboth afe. Phiona aliporudi shuleni alimkuta mama yake bado anatabasamu, wakacheza wawili wao kulizunguka boksi. Kwa siku ile moja, nakuhakikishia, yule mwanamke aliamini kwamba ameokoka.

Kesho yake Ochwo alirudi kutoka sokoni Busia na jogoo.

Alikuwa jogoo mkubwa mwekundu, amenunuliwa kwa bei ya kutupa, kwa ajili ya wakwe waliotarajiwa Jumapili. Amulen alimwona akishushwa kwenye pikipiki na moyo ukamshuka naye. Mabawa yalikuwa yameinama, jicho limesinzia, na alipowekwa chini alinya maji ya kijani.

"Shemeji," alisema, "huyo jogoo ni mgonjwa. Tafadhali mfunge kwako peke yake kwanza. Usimchanganye."

"Ala! Umekuwa dokta sasa?" Ochwo aligeukia watu. "Kudunga kobe mara tatu, tayari ana digrii! Njoo udunge na mimi basi!" Akamshika jogoo miguu, akafungua banda, akamrusha ndani.

Amulen alikimbia kwa Nyafwono. Na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penyewe. Nyafwono alikuja. Aliinama, akamtazama jogoo, akainua mkia wake kwa kidole, akaona kijani. Mwanamke aliyefuga kuku maisha yake yote na kuwauza Busia miaka ishirini, unafikiri hakujua alichokiona? Alisimama wima, akafuta kidole kwenye nguo.

"Ochwo amesema akae," alisema, akaondoka.

Amulen alimtoa yule jogoo mwenyewe, akamfunga nyuma ya choo. Ochwo alipomkuta huko alimrudisha bandani, kisha akaja jikoni, akampiga Amulen kofi moja la mdomo, bila hata kusema neno. Siku mbili baadaye jogoo alikufa, na wake za Ochwo wakampika.

Siku ya sindano ya nne, kuku wawili walikuwa wamekaa chini, wanatweta. Amulen alimpigia Odwori simu. "Waliokwisha kuugua, chanjo haiwasaidii," Odwori alisema. "Watoe walio wazima, kama wapo, uwatenge. Pole, mama." Alimwomba Nyafwono ruhusa ya kuwatenga. Nyafwono alimpa kisogo. Baada ya hapo ilikuwa ni kuzoa tu. Alfajiri moja kuku saba, alfajiri nyingine kumi na mmoja, shingo zimepinda nyuma kana kwamba kila mmoja amekufa akitafuta mtu aliyemwita. Mitetea waliokuwa wakiatamia walifia juu ya mayai. Amulen alichimba shimo, akalijaza, akachimba lingine, na hakuna mtu wa boma lile aliyemshikia jembe. Kufikia sindano ya tano banda zima lilikuwa kimya. Ndani ya boksi la sabuni, Askari alikuwa mzima, amenenepa, anapanda ukuta wa boksi akitaka kutoka.

Kikao kiliitwa siku ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, siku ya shule. Walichagua saa hiyo makusudi, Phiona awe darasani. Waliketi kwenye viti vya plastiki sebuleni mwa Nyafwono: Nyafwono mwenyewe, Ochwo na wake zake, na Ogwang, ndugu wa marehemu baba mkwe, aliyekuwa msemaji wa ukoo. Amulen aliketi chini kwenye mkeka.

"Kuku walikaa salama miaka kumi na minne," Ochwo alianza. "Huyu akamtoa mlinzi. Akamficha jikoni kwake, akamdunga vitu tusivyovijua. Mlinzi akanona, kuku wakafa wote. Mimi si mtu wa kusema uchawi. Semeni nyinyi."

Ogwang alimgeukia Amulen. "Una neno?"

Alikuwa nalo. Alilisema kwa Kidhopadhola, kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe, safi, bila kukwama. Alisema juu ya jogoo mwekundu, mabawa, kinyesi cha kijani, siku aliyokuja na siku aliyokufa, na kwamba aliomba chanjo akanyimwa. "Mama alimwona," alisema. "Mama aliinua mkia wake kwa kidole. Muulizeni."

Hata Babra aliacha kutafuna. Wote walimtazama Nyafwono, na Nyafwono aliitazama mikono yake. Neno moja tu lilihitajika, neno la ndiyo.

"Mimi sikuona jogoo," Nyafwono alisema.

Basi. Ogwang alitangaza uamuzi kwa upole, kama mtu anayesoma matangazo ya misa: aondoke leo, kabla watoto hawajatoka shule, asimsumbue mtoto kwa vilio. Mtoto ni wa ukoo. Amulen alilia, sisemi hakulia. Aliangukia miguu ya Ogwang, akashika viatu vyake, akasema atalala bandani, atalala na mbwa, mradi aachiwe Phiona. Ogwang alivuta miguu yake taratibu. Babra alikuwa amekwisha kwenda nje kuangalia migomba.

Alikuwa anafunga nguo zake kwenye shuka wakati Nyafwono alipoingia jikoni na kufunga mlango nyuma yake. Alisimama hapo kidogo. Kisha akasema kwa Kidhopadhola, lugha aliyomnyima miaka kumi na mmoja:

"Najua ni jogoo wa Ochwo."

Amulen alimwangalia.

"Najua, mwanangu. Lakini mmoja wangu amekwisha kufa. Nimebaki na huyo. Kama si wewe, ningemfukuza nani?"

Hakungoja jibu. Amulen alimaliza kufunga shuka, akaacha nguo za Phiona zimekunjwa juu ya kitanda, sare moja na gauni la kanisani, akajitwika mzigo, akatoka. Hakuna aliyemsindikiza. Alipita banda, akapita mashimo aliyoyachimba, akafika penye njia inayoshuka barabarani.

"Amulen!"

Alikuwa Nyafwono, anamwita kutoka uani, amenyoosha mkono. Amulen alisimama. Mungu amsamehe, moyo wake uliruka. Alidhani wamebadili nia. Alirudi karibu anakimbia, mzigo ukimyumba kichwani, na tayari midomo yake ilikuwa inatafuta maneno ya shukrani.

Nyafwono alikuwa amembeba Askari mikononi. Kiswahili kilikuwa kimerudi.

"Sindano yake ya mwisho lini?"

"Leo," Amulen alisema.

"Basi dunga kwanza, ndiyo uende. Hapa hakuna mtu najua kudunga. Tanunua kuku ingine, yeye talinda." Akatazama pembeni, akaongeza, "Phiona ndiye taangalia yeye sasa."

Amulen alisikia yote yaliyokuwa ndani ya neno lile. Kobe angerudishwa kwenye mavi yaleyale, na mtoto wa miaka tisa angekabidhiwa ufagio. Povu likirudi puani, hawatamtafuta Ochwo. Watamtafuta aliyebaki.

Alitua mzigo. Akaingia jikoni, akachukua bomba, akavuta dawa hadi kwenye alama ya kalamu, si tone zaidi. Akapiga magoti uani mbele ya watu wote, akaushika mguu wa mbele, akangoja nyama ilegee, akadunga polepole. Kobe hakushtuka.

"Banda liwe kavu," alimwambia mama mkwe wake, bado amepiga magoti. "Mwambie Phiona. Kavu kila siku. Na asimpe ugali."

"Tasema," Nyafwono alijibu, akamchukua kobe.

Amulen aliosha bomba kwa maji ya moto, akaliweka dirishani mahali ambapo Phiona angeliona, akajitwika mzigo wake tena. Kengele ya shule ilikuwa bado haijalia.